Mivukuto ya Mtani

Mwinyimvua alikuwa anachomelea shingo ya koroboi, na mdomo wake unamchomelea Kasmir.

"Puliza, wewe Mnyamwezi. Ulikula panya gani jana hata mikono imekulegea?"

"Nilimla babu yako," Kasmir akajibu, mikono yake ikipanda na kushuka juu ya mivukuto. "Alikuwa mgumu."

Mafundi wakacheka. Bwana Hamud, mwenye karakana ile ya Kariakoo, hakucheka. Tangu atoke Maskati alikuwa amejifunza bei ya bati, bei ya mkaa na bei ya watu. Utani hakuna aliyemfundisha. Hakujua kwamba Mzaramo kama Mwinyimvua na Mnyamwezi hutukanana, hunyang'anyana vitu na huzikana, na anayenuna ndiye mwenye kosa. Yeye aliona maadui wawili.

Kabla Kasmir hajaja kutoka Tabora, mafundi walipepea mkaa kwa vipande vya boksi, wakangoja vyuma vya kuchomelea vipate moto. Kasmir akashona ngozi za mbuzi, akaunda mivukuto kama ya wahunzi wa kwao. Vyuma havikupoa tena, koroboi zikazidi maradufu. Ndipo Hamud akakata nusu ya ujira wa kila koroboi. Mikono ikakimbia, mfuko ukabaki pale pale, na unga dukani, ambao haukupewa habari, ukapanda bei. Hamud alisema wa kulaumiwa ni watu wa bara, kila treni inawashusha wakitaka kazi kwa bei yoyote. Wapo waliomwamini. Lakini aliyesimama juzi kudai ujira wa zamani alikuwa huyo huyo Kasmir wa bara.

Saa nne Hamud akamvuta Mwinyimvua pembeni, akamnong'oneza. Askari wa bomani wanapita, wanakamata wasio na kazi na kuwarudisha makwao. Yeye atasema hamjui Kasmir. Mwinyimvua aunge mkono, awe nyapara, na mivukuto ibaki mikononi mwake.

"Wewe mwenyewe humpendi," Hamud akasema.

"Simpendi kabisa, bwana." Akarudi kuchomelea.

Askari akaingia. Hamud akamwonyesha Kasmir, akasema mtu huyu hamjui, na fundi wake ni shahidi.

"Anafanya kazi hapa?" askari akamuuliza Mwinyimvua.

"Sura mbaya, lakini kazi anafanya. Mivukuto hii kaunda yeye. Kila koroboi unayoiona imepita kwenye moto wake."

Askari akawatazama mafundi waliojaa masizi, akamtazama tajiri katika kanzu safi. Akaiamini kanzu. Kasmir akafungwa kamba, hakupewa hata nafasi ya kuvaa shati.

Mwinyimvua akaifungua mivukuto, akaitupia begani. Hamud akauliza anaiba nini.

"Nachukua mali ya mtani wangu. Kwetu huo si wizi. Muulize askari, uso wake wa Kisukuma unajua, nao ni watani zetu."

Askari akatazama nje, akauma mdomo asicheke. Mafundi wengine nao wakakusanya vyuma vyao, wakatoka. Mchana huo huo moto ukawaka uani kwa Mwinyimvua, mtaa wa pili, na wenye maduka wakanunua koroboi huko huko, kwa bei ya mafundi wenyewe.

Jioni Mwinyimvua akaenda stesheni, akampenyezea Kasmir shati lake dirishani mwa behewa, fungu lake la mauzo likiwa mfukoni mwa shati.

"Rudi upesi, mla panya. Ngozi ikitoboka sijui kuishona."

Kasmir, kamba ikiwa imeshafunguliwa, akavaa shati taratibu, akimtazama askari aliyekuwa anasinzia mlangoni mwa behewa.

"Nashukia Pugu, hapo stesheni ya karibu," akanong'ona. "Wewe puliza."