Kinyozi wa Mwili wa Mfano

Asubuhi hiyo kinyozi alikuwa amemwinamisha mteja wake wa kwanza juu ya beseni wakati fundi mitambo wa chuo cha udaktari alipoingia dukani, akakaa kusubiri zamu kama watu wengine. Zamu ilipofika hakuhamia kwenye kiti cha kunyolea. Alisema kuna mtu chuoni anahitaji kunyolewa, na hawezi kuja mwenyewe kwa sababu yumo ndani ya miwani.

Kinyozi aliuliza kama abebe mashine au mkasi. Akaambiwa abebe vyote.

Njiani alielezwa vizuri. Siku hizi chuo hakifundishi kwa maiti. Mwanafunzi huvaa miwani mizito ya uhalisia pepe, na chumba kitupu kinapata kitanda, na juu ya kitanda amelala mwanamume mmoja aliyepigwa picha nje na ndani kabla hajazikwa. Ukimsogezea mkono, ngozi inafunguka kama pazia, kisha misuli, kisha mishipa, mpaka mifupa. Somo likiisha kila kitu kinarudi mahali pake. Tatizo lilikuwa nywele. Zilikuwa zinaota. Waliouza mfano ule walijibu kwamba nywele hazimo kwenye mkataba, na somo la fuvu lilikuwa limekwama.

Kinyozi alivaa miwani. Mtu alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa, nywele zimemfunika masikio. Alianzia kisogoni, kama kawaida yake, na alipofika upande wa kushoto yule mtu aligeuza kichwa bila kuambiwa, akalikunja sikio kwa kidole ili mashine ipite. Katika miaka yote ya kunyoa, kinyozi alimjua mtu mmoja tu mwenye tabia hiyo. Akazima mashine. Akatafuta kovu juu ya utosi, akalikuta. Alimtia mwenyewe kovu lile zamani, alipokuwa anajifunza kazi na hana kichwa kingine cha kujifunzia. Kisha aliwasha mashine tena akamaliza, maana mtu haachwi nusu.

Alipovua miwani, nywele zilikuwa zimemjaa juu ya viatu. Fundi mitambo alileta ufagio.

“Huyu ni mdogo wangu,” kinyozi alisema. “Tumbo moja.”

Fundi alimpa pole, akampeleka kwa mkuu wa idara.

Mkuu wa idara alikuwa mama mpole, na alimsikiliza hadi mwisho. Kinyozi alimweleza kwamba mdogo wake aligongwa na gari akakimbizwa hospitali, hiyo hiyo iliyo ng'ambo ya barabara. Mama yao alifika na chakula. Mlinzi akamwambia saa ya kuona wagonjwa imepita, asubiri kwenye benchi la getini. Kesho yake wakawa wanaingia wenye kadi tu, na kadi zilikuwa zinatolewa ndani. Mama akaendelea kukaa kwenye benchi, chakula kikachacha, akapika kingine, mpaka siku alipoambiwa hakuna mgonjwa wa jina hilo. Huko ndani, kwa kuwa hakuna aliyeonekana akiingia kumjulia hali, waliandika kwamba hana ndugu.

Mkuu wa idara alisema anasikitika, na alisikitika kweli. Lakini mwili wenyewe ulikwisha kuzikwa na manispaa pamoja na miili mingine, na hakuna aliyeweka alama.

“Basi nipeni huyu wa kwenye miwani,” kinyozi alisema.

“Huyu si mtu, ndugu yangu. Ni mfano. Vyuo vingi vinamtumia. Tukimfuta leo, watoto wa watu watafanyaje mtihani?”

Kinyozi aliaga. Roho ilimuuma, naye hakuona wa kumgombeza. Alirudi chumbani, akazizoa nywele, akazitia kwenye mfuko.

Nyumbani mama hakuwa amekubali kupewa pole tangu siku ile. Alisema hakuna aliyemwonyesha maiti, kwa hiyo hana msiba. Kinyozi aliuweka mfuko mbele yake akamsimulia yote. Alichokitaka ni kitu cha kuweka ardhini, ili mama alie, apumzike. Mama alizitia mkono zile nywele, akazinusa. Akauliza ni za zamani au za sasa.

“Za leo, mama.”

“Basi siziziki. Mtu anaota nywele, nimlilie vipi?”

Siku iliyofuata alioga, akachukua shuka safi, wakaenda. Fundi mitambo alimvalisha miwani. Wanafunzi walikuwa katikati ya somo la ini. Mama aliuchungulia mwili ulivyo wazi, akasema kijana amekonda. Mwanafunzi mmoja alimweleza kwa heshima kwamba wameitoa misuli ya tumbo kwa muda tu, itarudi. Mama akasema sawa. Mwili ulipofungwa alimtandikia shuka mpaka kifuani, akaichomeka chini ya miguu, kwa sababu huyu tangu utotoni alikuwa anaona baridi ya miguu. Alipovua miwani mikono yake ilikuwa mitupu. Shuka ilibaki ndani.

Tangu hapo kila somo huanza kwa kukunja shuka, mmoja huku, mwingine kule, na huisha kwa kuitandika. Vyuo vingine viliuliza imetoka wapi, vikaambiwa viikunje tu. Mtihani ulifanyika na wengi walifaulu. Hospitalini bado imeandikwa kwamba hana ndugu.

Nywele zikirefuka kinyozi huenda, na mama hufuatana naye. Yeye hukaa kwenye benchi la nje ya chumba, chombo cha chakula kimefungwa kwenye kitambaa magotini, na hapo hakuna anayemwambia chochote.

“Wamemaliza naye?” humuuliza mwanawe akitoka.

“Bado, mama.”

“Basi nangoja.”