Mkate wa Mwalimu Mirsoli

Asubuhi ya hitima ya mwaka, wanawake wa mtaa wa Nokzor walikuwa wamejaa uani kwa Oydin wakikata karoti za pilau, visu vinakwenda na midomo inakwenda. Oydin mwenyewe alikuwa ameinamia tanuri akibandika mikate, ndipo marehemu mumewe, Mwalimu Mirsoli, akaingia langoni. Alivua viatu, akavipanga pembeni kama kawaida yake, akawasalimu akina mama mmoja mmoja kwa majina, halafu akauliza mkate wake uko wapi.

Mkate ulikuwa sebuleni, msumarini. Anayesafiri huuma mkate kabla ya kutoka, nao hutundikwa umngoje aje aumalize. Mirsoli aliuma wake vuli iliyopita, lori lilipokuja kuwachukua walimu kwenda kuchuma pamba. Alifia shambani, ameketi juu ya gunia lake, na lori lilelile likamrudisha. Katika pilikapilika za mazishi hakuna aliyekumbuka kuutungua mkate.

"Kosa letu wenyewe," alisema jirani, Bibi Tojinisa, huku akichagua karoti nyingine. "Mkate haujaisha, mtu atakosaje kurudi?"

Mwenzake akanong'ona kwamba mwalimu amekonda.

"Marehemu wote hukonda, shoga. Wangu alikonda akiwa hai."

Oydin alinawa unga mikononi, akamtolea mumewe mto wa kukalia. Moyo ulikuwa unamrukaruka kama wa bibi harusi. Tangu waoane hajawahi kukaa naye vuli hata moja. Majani yakianza tu kugeuka njano, shule inafungwa na walimu wanapelekwa shambani mpaka jalidi ianguke. Mabinti wawili kati ya watatu alijifungua baba yao akiwa kwenye pamba. Sasa ilikuwa vuli, lori la mwaka huu bado halijaja, na mwanamume yuko nyumbani.

"Utaula chembe kwa chembe, baba Dilrabo," alimwambia. "Haraka ya nini?"

Hitima ikageuka karamu. Wanaume walikula pilau, kisha kila mmoja akasimama kumkumbuka marehemu, na marehemu akawa anawasahihisha. Mchinjaji wa mtaa alieleza alivyofundishwa sehemu na vipande kwa kukatiwa tikiti. Mirsoli akasema lilikuwa boga, na kwamba mchinjaji alilila bichi kabla ya kujua jibu. Mzee mmoja akasifu kwamba mwalimu hakuwahi kumpiga mtoto. Mwalimu akakiri alimpiga mmoja, huyohuyo wa boga, na uwanja mzima ukapiga makofi, mchinjaji akiwa wa kwanza. Akina mama nao, kutoka jikoni, wakakumbushana alivyokuwa akiwasuka mabinti zake kila asubuhi kabla ya shule, misuko arobaini kila kichwa, mitaa mitatu ikimcheka, mpaka wake wa mitaa hiyo mitatu wakaanza kuwauliza waume zao mbona wao hawajui.

Kuanzia siku hiyo nyumba haikukosa watu. Mirsoli alifagia ua bila kuacha nyayo. Alishika bakuli la chai mpaka likapoa, akalirudisha limejaa, akashukuru. Watoto wa jirani walileta hesabu zao, mama zao wakaja kuwachukua, wakakaa, mtu akaleta dufu, na Oydin alicheza mpaka kilemba kikamdondoka. Bibi Tojinisa alizunguka mtaa mzima akitangaza kwamba Oydin sasa anacheka mpaka kuku wanaacha kutaga.

Kisha akaja mkuu wa shule, Ergash. Alikunywa chai, akamuuliza Mirsoli hali ya afya, akasifu zabibu. Mwisho akasema shule imepungukiwa mchumaji mmoja, na kwenye orodha ya wilayani jina la Mirsoli halijawahi kufutwa. Asipokwenda yeye, nafasi yake itajazwa na Shoira, yule mwalimu kijana aliyerithi darasa lake, ambaye ujauzito wake ulikuwa umefika pabaya.

"Huyu ameshakufa, mkuu," alisema Oydin. "Mlimleta wenyewe."

"Najua, mama. Ndiyo maana sikumpangia chakula."

Mirsoli aliitazama chai yake. Akasema Shoira yuko karibu mno kujifungua, na kuinama kule si mchezo. Atakwenda.

Mkate wa msumarini ulikuwa umebaki tonge moja. Oydin hakuhitaji Bibi Tojinisa amfafanulie, ingawa alimfafanulia. Akilimeza tonge hilo na asiume mkate mwingine, safari hii ndiyo ya mwisho. Atapumzika, na hakuna lori litakalompata tena. Akiuma mwingine, atarudi, na lori nalo litarudi kumfuata.

Siku ya kuondoka Oydin alitoka langoni mikono mitupu, amejikaza. Mirsoli alikula tonge lake la mwisho, akapanda, akakaa ukingoni mwa lori katikati ya walimu wenzake, kisha akanyoosha mkono chini.

"Mkate, Oydin."

"Sikuoka."

"Naisikia harufu yake."

"Pumzika, baba Dilrabo. Mimi nitazoea."

"Wewe hukuzoea hata chumvi ya mama yangu," alisema, mkono bado umenyooshwa. Walimu wote wakawa wanatazama viatu vyao, na dereva akazima injini, maana alimfahamu Oydin.

Oydin aliingia ndani akatoka na mkate mkubwa kuliko yote aliyowahi kuoka. Mirsoli aliuma mpaka akafika katikati. Akina mama wakapiga vigelegele, Bibi Tojinisa akaupokea mkate kwa kitambaa safi, na Oydin, machozi yakimtoka na kicheko kikimtoka, akapunga mikono yote miwili.

Lori lilikwenda mpaka kona ya shule, likasimama. Kutoka langoni Oydin alimwona Shoira anasubiri na kifurushi chake, kwa kuwa asubuhi hiyo mchumaji mwingine naye alikosekana, na zamu ikamwangukia yeye. Lori lilikuwa limejaa. Ergash akamwonyesha pa kukaa, palepale alipoketi Mirsoli, kwa sababu marehemu hachukui nafasi. Shoira akapanda, akiwa ameshika tumbo, akaketi. Mwalimu akajisogeza kidogo hata hivyo, akamwambia ashike ubao wa ubavu wa lori vizuri, huko mbele barabara ina mashimo.