Maktaba Yaingia Wodini

Kaunta ya maktaba ya chuo cha udaktari ilivunjwa Jumatatu. Kufikia adhuhuri, mahali pake palibaki vumbi na nyaya zilizochungulia kutoka sakafuni. Mama aliyekaa nyuma yake miaka yote, ambaye wanafunzi walimwita Mama Kaunta, alikuwa akifunga magunia ya majarida ya zamani.

"Mama Kaunta, sasa tutakuitaje?" mwanafunzi mmoja akampigia kelele kutoka mlangoni.

"Niiteni mtakavyo."

Ndivyo alivyojibu kila kitu tangu amzike mumewe. Wapike nini? Chochote. Akae wapi? Popote. Alikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake usiku kucha: mkono upo, lakini anauona kama wa mtu mwingine.

Mkuu wa maktaba alikuwa na furaha ya mtu aliyehamia nyumba mpya. Nusu ya rafu zilikuwa zinaondoka, meza za kuchajia simu zinaingia, na vitabu vingi vitasomwa mtandaoni. Akamkabidhi kishikwambi kipya.

"Utazunguka na madaktari. Wakikwama, unawatafutia utafiti pale pale kitandani. Maktaba ya kukaa kungoja watu imekwisha." Kisha akashusha sauti. "Lakini ni wodi ya wanaume. Ile. Ukiona mzito, dada yangu, sema tu nimtume mwingine."

"Nitakwenda."

Mumewe alifia wodi ile, kwa homa ya uti wa mgongo. Usiku walipomfikisha, daktari alisema wasubiri kwanza atolewe maji ya mgongo yapimwe, ndipo aanze dawa. Mama Kaunta akaitikia kwa kichwa. Mumewe alianza dawa kesho yake mchana, na jioni haikumkuta. Tangu hapo amewatafutia wanafunzi habari za maradhi ya kila aina, ila jina la ugonjwa ule hakuwahi kuliandika. Je, ni kule kungoja kulikomuua? Jibu lilikuwa karibu na vidole vyake siku zote. Mama mkwe alikwisha kusema kuwa siku ilikuwa imefika, basi, naye akamwachia mama wa watu neno lake.

Wodi ilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Raundi iliongozwa na daktari mrefu mwenye kalamu sikioni. Nyuma yake walikuwa muuguzi na madaktari wa mafunzo. Kwenye kitanda cha nne alilala mwanamume aliyekakamaa shingo, macho yakimpanda. Mkewe alikaa pembeni na chupa ya maji mapajani.

"Nashuku homa ya uti wa mgongo," akasema msichana mmoja wa mafunzo. "Naomba tumwanzishie dawa."

"Katolewa maji ya mgongo?"

"Bado. Wa kumtoa yuko chumba cha upasuaji mpaka alasiri."

"Basi tungoje. Dawa ikitangulia, maabara hawataona kitu, tutabaki tunapapasa."

"Na akizidiwa, dokta?"

"Wewe nawe una haraka kama umeacha chungu motoni." Wenzake wakacheka. "Haya, si tumeletewa Maktaba? Maktaba, tuamulie. Dawa kwanza, au kipimo kwanza?"

Mama Kaunta akaandika swali kwenye kishikwambi. Vidole vilikwenda vyenyewe.

Utafiti wa kwanza kutokea ulikuwa mdogo, wa hospitali moja. Ulisema kungoja saa chache hakukuleta tofauti. Akaurudia. Angeweza kuusoma huo kwa sauti, wakaridhika, naye akarudi nyumbani na jibu hilo akalala. Hakuna ambaye angemuuliza wa pili. Wa pili ulikuwa chini yake, mkubwa, wa wagonjwa wa hospitali nyingi. Kidole kikasimama juu ya kioo.

"Maktaba, mtandao umelala?"

"Haujalala."

Akaufungua. Akausoma mpaka mwisho, taratibu, kama mtu anayesoma maelezo ya kopo la rangi.

"Tafiti ziko mbili," akasema. "Wa kwanza ni wa wagonjwa wachache, hawakuona tofauti. Wa pili ni mkubwa. Waliocheleweshewa dawa walikufa zaidi. Wanashauri mgonjwa aanze, hata kama kipimo bado."

Sauti ilikuwa ile ile ya kumwambia mtu kitabu kimeazimwa.

Daktari mrefu akachukua kishikwambi, akasoma mwenyewe, midomo ikimchezacheza. "Haya, bibie, umenishinda," akamwambia yule msichana. "Sista, dawa. Sasa hivi." Raundi ikasogea kitanda cha tano.

Mama Kaunta hakusogea.

"Dada, wewe ni daktari?" mke wa mgonjwa akauliza.

"Hapana. Mimi ni wa maktaba."

"Wamesemaje? Wanaongea mbio mbio, sijashika kitu."

"Anapewa dawa sasa. Hawangoji tena kipimo."

"Kwani wangengoja ingekuwa vibaya?"

Aliitazama miguu ya mgonjwa iliyotokeza nje ya blanketi, soksi moja imegeuzwa ndani nje.

"Ndiyo," akasema. "Ingekuwa vibaya."

Alingoja kitu kimpate. Hakikumpata. Mtu wa kitanda cha pili alikuwa akimenya chungwa.

"Maktaba! Tunakutaka huku!"

"Nakuja," akaitika, kisha akavuta stuli, akakaa karibu na yule mwanamke. Muuguzi alikuwa bado anautafuta mshipa.