Sahani Isiyo na Fufu

Kr. Kr-kr. Halafu kimya.

Nilifungua macho gizani. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Sauti ilitoka jikoni, ng'ambo ya ukuta wa mbao: kitu kilikuwa kinakwangua chini ya sufuria, polepole, kama kinaogopa kusikiwa. Nilimgusa bwana yangu bega.

"Papa Ornella. Unasikia?"

"Iko panya," Edmond akajibu bila kugeuka. "Lala. Karibu kunakucha."

Niliwasha taa ya simu nikaenda. Jikoni hapakuwa na kitu. Kifuniko cha sufuria ya fufu, ugali wetu wa muhogo, kilikaa upande, na mabaki yaliyoshika chini yalikuwa na mistari mipya. Nikafunika, nikaweka jiwe juu. Katika chumba kidogo mama yangu alikuwa amejifunika mpaka kichwa, na binti yangu Ornella, miaka mine, amelala kando yake. Nikarudi kitandani. Sikufikiri sana habari ya panya. Kwa miezi mine, tangu mama afike kwetu, nilikuwa na jambo moja tu kichwani: sukari ya mama.

Mama yangu, Orpa, alitufikia Butembo kutoka Beni, pale Mulekera, wakati njia ya kwenda shambani kwake ilipokuwa haipitiki tena kwa sababu ya vita. Alishuka kwenye gari na mfuko mmoja, kuku mmoja, na karatasi ya daktari: sukari mia tatu kumi na mbili. Dada yake mkubwa, Jokébed, alikuwa na ugonjwa huo huo. Walimkata kidole, halafu mguu, halafu tukamzika. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha kile kidonda. Ninajua harufu yake. Nilipoiona karatasi ya mama nilijiapia kwamba mguu wake hautafika huko, hata kama nitalala bila usingizi mwaka mzima.

Mimi ni mtu wa masomo ya mangaribi, yale ya jioni. Niliacha shule nikiwa na mimba ya Ornella, sasa nataka kumaliza. Mwalimu wetu wa biolojia alichora muhogo ubaoni, akachora mshale, na mwisho wa mshale akaandika: sukari. Nilinakili mchoro ule kwa kalamu nyekundu. Na wakati huo huo mjini kote watu walikuwa wameanza kuikimbia fufu. Kwenye arusi unaona sahani zinarudi jikoni, mlima wa fufu mzima, nyama imekwisha. Ukitoka misa ya pili unasikia wamama: "Miye sikule fufu tena, angalia kiuno." Nikaingia katika kundi la WhatsApp la Marie-Jeanne, mama mmoja anayeuza vitenge, ambaye alipungua mpaka kitenge chake kikaanza kumzunguka mara mbili. Kundi liliitwa *Vile Bakoko Walikula*; koko kwetu ni bibi au babu wa mtu.

"Mwanadamu wa kwanza hakujua mashine ya kusaga," Marie-Jeanne alisema kwa audio. "Alikula nyama, majani, mayai. Fufu ilikuja nyuma, ikaleta na magonjwa yake."

Nilimsikilizisha mama akiwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Huyu mwanadamu wa kwanza, shamba yake ilikuwa wapi?"

"Hakukuwa na shamba, mama. Alikuwa anatembea tu, anawinda."

"Ah. Donc alikuwa mukimbizi sawa miye." Akacheka mpaka sombe ikamwagika. "Na hii koko ya Marie-Jeanne, ni ya kabila gani? Yangu miye alikula ulezi asubuhi, ulezi mangaribi, na alizika bwana batatu."

Lakini alikubali. Katika nyumba yetu alikubali kila kitu, na hapo ndipo nilipopaswa kufungua macho. Kwetu mama wa mke hali chakula mbele ya mukwe wake, wala haombi chakula katika nyumba yake. Vita vikimleta atalala hapo, atafagia, atalea mtoto, lakini mdomo wake unabaki kwao. Hata maji ya kunywa mama alikuwa anamtuma Ornella. Sahani yake nilimpelekea chumbani: sombe na mafuta ya mawese, yai, nusu ya avoka, siku nzuri kipande cha makayabo, samaki wa chumvi. Bila fufu, bila viazi, bila ndizi. Hata maharagi nilikuwa nimeyatoa. Sahani ilirudi safi kila mara, na mimi nikaelewa kwamba ameshiba.

Vidonge vyake vya sukari nilimpa mwenyewe, kimoja asubuhi, kimoja mangaribi. Sikukosa hata siku moja. Nilifikiri: huku fufu imetoka, huku kidonge kinafanya kazi, sukari itabanwa pande mbili. Niliona nina akili.

Wiki ya tatu bila fufu akaanza kutoka jasho saa ambayo hakuna joto. Mikono ikatetemeka, kikombe kikamponyoka. Nikamwandikia Marie-Jeanne. Akanijibu upesi, na sauti yake ilikuwa tamu: "Chérie, mwili unalilia fufu sawa mutoto ule banaachisha ziwa. Vumilia naye. Siku kumi, inapita."

Mimi nimemwachisha Ornella ziwa, tukalia wote wawili usiku tatu. Maneno yale yaliniingia.

"Mama, unasikia njaa?" niliuliza.

"Hapana, mama. Nimeshiba. Asante ya bwana yako."

Kila mara hivyo: asante ya bwana yako.

Panya aliendelea. Alfajiri moja, alfajiri mbili, hata jiwe halikumzuia. Mangaribi moja Edmond, akiwa mezani, akakasirika kwa sauti yake ya sokoni, ile anayotumia kuuza vipande vya moto, zile pikipiki, kwa watu wasiotaka kununua.

"Panya ya namna gani inaondoa jiwe? Kesho naleta dawa. Nitaipakaa mu sufuria, chini kabisa, pale anapenda. Akwangue mara moja tu!"

"Papa, atakufa?" Ornella akauliza.

"Atakufa, na bibi yake, na mashemeji."

Tukacheka. Chumbani mama akakohoa.

Kesho yake alileta dawa kweli. Mu sufuria sikuipakaa, mimi si kichaa. Niliiweka juu ya mfupa wa samaki, nyuma ya mfuko wa makala ya kupikia, nikamwonya Ornella asifike pale. Alfajiri iliyofuata nililala nikisikiliza. Hakuna kr, hakuna kitu. Nilifurahi. Nikamwambia Edmond: "Amekwisha."

Kulipokucha nilitoka kuwasha mbabula, jiko la makala. Kiwanja kilikuwa hakijafagiliwa, na mama hufagia kabla jogoo hajashuka. Nikaita. Nikaingia.

Alikuwa ameloa kama mtu aliyetolewa mtoni. Macho nusu wazi. Alikuwa anamtuma mtu kwa Kinande, lugha yetu, arudishe mbuzi kabla ya mvua, na mbuzi hao waliuzwa mimi nikiwa mtoto. Nikamshika uso. "Mama. Mama, ni Rébecca." Mbuzi wakapotea pia, akabaki na pumzi tu.

Edmond, ambaye kwa miezi mine hakukaa na mama kwenye benchi moja, alimbeba mikononi mpaka barabarani. Tukamweka kwenye moto ya kukodi, nyuma ya dereva, yeye katikati, mimi nyuma nimemfunga na kitenge changu. Kutoka Rughenda, mtaa wetu, kushuka mjini njia ilikuwa tope.

"Maman, iko napumua?" dereva aliuliza kila shimo.

"Endesha, baba! Endesha!"

Kwenye kituo cha afya infirmier mmoja, muuguzi aliyeitwa Ésaïe, alimchoma kidole, akasoma mashine.

"Makumi mbili na tisa."

Lazima niandike kweli. Kwa pumzi moja nilifurahi. Kutoka mia tatu kumi na mbili mpaka hapo! Halafu nikaona uso wa Ésaïe, na namna alivyokimbia akiita sérum, maji ya sukari ya kutia mshipani.

Dakika kumi hivi, mama akafungua macho. Akatazama dari, akatazama mpira wa sérum uliomwingia mkononi, akavuta kitenge kufunika miguu.

"Mama Orpa, jana mangaribi ulikula nini?" Ésaïe akauliza.

"Majani. Na yai."

"Na kidonge?"

"Nilikunywa." Akanionyesha kwa kidevu, na fahari yote. "Huyu hapana kusahau, hata siku moja."

Ésaïe hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Alivuta kiti akakaa.

"Maman Rébecca, kile kidonge kazi yake ni kusukuma sukari chini. Hakiulize kama mutu amekula. Weye umeondoa chakula, kidonge umekiacha sawa vile kilikuwa. Sasa kitasukuma nini? Kilimusukuma yeye."

"Nilisoma..." nikasema.

"Kupunguza fufu haiko mubaya. Mama moja wa hiyo mambo yenu ya bakoko anakuja hapa, sukari yake imetulia. Lakini alikuja kwanza, nikamupunguzia dawa pole pole. Ungeuliza tu."

Alipotoka nililia kwenye ukingo wa kitanda. Mama akaniwekea mkono kichwani, ule usio na mpira.

"Nyamaza. Ile panya yenu..."

"Panya gani, mama?"

"Ilikuwa miye. Kutetemeka kukinikamata, nilikuwa naenda nakwangua kidogo chini ya sufuria, kunapita. Sasa Papa Ornella akasema atapakaa dawa. Nikaona, heri nilale. Mama mukwe kufa na dawa ya panya mu nyumba ya mukwe wake? Watu watamusema mpaka Lubero." Akacheka, peke yake.

"Juu ya nini haukuniambia miye? Miye mutoto yako!"

"Nikuambie nini? Kama kwa mukwe wangu ninalala njaa?"

Alinitazama kama mtu niliyemwambia avue nguo sokoni.

Tulirudi nyumbani siku ya pili. Kidonge kilipunguzwa kikawa nusu, asubuhi tu. Fufu ilirudi kwenye sahani, ukubwa wa ngumi ya Ornella, na maharagi. Niliandika katika kundi: kama mtu wako anameza dawa ya sukari, usimwondolee chakula kabla ya kumwuliza daktari, mama yangu alikuwa karibu kufa na mimi ndiye niliyefanya. Wengine walituma mikono ya maombi. Mmoja akaniita adui wa maendeleo. Kesho yake Marie-Jeanne akaniandikia peke yangu akiomba namba ya Ésaïe. Dada yake pia anameza vidonge, na alikuwa amempeleka njia ile ile.

Lakini Ésaïe alikuwa ameongeza neno moja, na neno hilo ndilo lililotushinda. Mama akisikia kutetemeka, aseme mara moja, apewe maji ya sukari mara moja. Asingoje. Aseme kwa yeyote aliye nyumbani. Na mangaribi, mimi nikiwa darasani, aliye nyumbani ni Edmond.

Edmond alipojua habari ya panya alikaa nje, kwenye tairi kuukuu, mpaka chakula kikapoa.

"Nilimutishia kifo," akaniambia. "Na juu ya hayo nikacheka."

"Haukujua."

"Na sasa nimwambie nini? 'Mama, kula, ninakutazama'?"

Alifikiri siku mbili. Siku ya tatu, mangaribi niliyopaswa kurudi masomoni, alichukua kiti chake sebuleni akakigeuza. Akakaa uso ukutani, sahani kwenye magoti, mgongo kwetu. Kalenda ya parokia ilikuwa karibu na pua yake. "Ita mama," akasema. "Sitaona kitu."

Mama alitoka chumbani kwa mara ya kwanza saa ya chakula. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama yuko bureau ya serikali. Nikamwekea sahani. Ornella akakaa kati yao, kwenye kigoda.

Nilikuwa na madaftari kwapani. "Mama, uliniahidi. Tujaribu kabla sijaenda. Sema: Papa Ornella, ninasikia njaa."

"Nitasema siku itafika."

"Sasa, mama. Mara moja tu, nisikie."

Akakohoa. Akapanga kitenge. "Papa Ornella..."

"Ndiyo, mama," Edmond akaiambia kalenda.

"... asante ya kazi."

"Asante, mama."

Niliangalia saa. Darasa lilikuwa limeanza, na mtihani ulikuwa umebaki wiki tano. Fufu kwenye sahani ya mama ilikuwa haijaguswa, inakauka juu. Mikono yake aliificha ndani ya kitenge, na kitenge kilikuwa kinacheza kidogo pale mapajani, kama kuna kifaranga ndani. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Mama?"

"Niko muzuri. Nenda, mama, utachelewa."

Shingo ya Edmond ilikuwa imekakamaa. Alikuwa anasikia, na alikuwa anangoja kuambiwa, kwa sababu mgeni wa namna hii halishwi kwa nguvu. Nilitaka kusema mimi. Lakini kesho sitakuwepo, wala kesho kutwa, na mama alikuwa ananiangalia macho makali, ananizuia.

Ornella aliacha kutafuna. Akatazama mgongo wa baba yake, akatazama kitenge kinachotetemeka.

"Papa, Koko iko na njaa," akasema kwa sauti.