Samaki Wasioshtuka

Nilimpigia Msellem makofi nyuma ya shingo, naye hakushtuka. Aligeuza kichwa polepole, akanitazama kama mtu anayetazama mlango, kisha akarudi kwenye chai yake. Nilibaki nimesimama pale barazani, viganja vyangu vimekutana, nikaona haya kama niliyemtania mume wa mtu.

Asiyeijua nyumba yetu atasema hilo si neno. Lakini Kibarani nzima ilimjua mume wangu kwa kushtuka kwake. Nazi ikianguka uani, yeye huruka na kikombe mkononi akalia, "Wallahi si mimi!" Siku ya nikaha yetu wenzake walipiga sinia nyuma yake, na mbele ya kadhi mzima bwana harusi akaruka: wallahi si mimi. Kadhi alicheka hadi akavua miwani. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nikasikia kicheko kile, nikajua nimeolewa na mtu ambaye sitachoka naye.

Nimechoka na mengi tangu hapo, na kuisimulia habari hii ni mojawapo. Lakini waliobaki wa kuisimulia ni wachache, na wao huisimulia vibaya.

Kazi ya Msellem ilikuwa kumimina chubwi, vile vipande vya madini ya risasi vinavyozamisha nyavu. Wakati huo daraja la Kilifi halijajengwa, na malori yaliyopanga foleni kusubiri kivuko yalimwachia betri zilizokufa. Alizipasua kwa shoka chini ya banda lake la makuti, akamwaga maji yake makali katika kijito kinachoteremkia horini, ule mkono wa bahari, akaosha vibati vya ndani papo hapo. Kisha aliviyeyusha katika karai kuukuu na kumimina uji wake katika vishimo alivyovichonga kwenye jiwe. Moshi wa kazi ile ulikuacha na utamu mdomoni. Wavuvi walitoka hata Takaungu kufuata chubwi zake, naye alijivunia, na haki yake. Tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka katika ule mwaka wa njaa, mwaka wa mahindi ya njano, na mwenye kazi ya mikono alikuwa mtu mbele ya watu.

Mimi nilitanda. Huo ni uvuvi wetu wanawake, na siri yake yote ni hofu. Wawili hushika kanga kuukuu zilizoshonwa pamoja, wakazitandaza chini ya maji ya magotini. Wengine huja kutoka mbele wakipiga maji kwa viganja na kupiga kelele, na samaki wakikimbia kelele huingia kwenye nguo. Hatuna chambo, hatuna ndoana. Wahenga walisema hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Sisi tuliokuwa tukitanda tulikula hofu yake.

Basi msimu ule, pale kijito kinapoingia horini, mikizi walikataa kukimbia.

Tulipiga maji hadi viganja vikawaka moto. Tukainua kanga, tupu. Na samaki walikuwepo! Walisimama kati ya miguu yetu wakipunga mapezi kivivu. Yangeyange alitembea katikati yao akidonoa huyu, akimwacha yule, kama mama anayechagua nyanya sokoni, nao hawakutawanyika.

"Mwenehu," akasema Kache, mwenzangu wa kutanda, aliyeolewa pale kutoka Ganze, akiniita ndugu kwa lugha ya kwao, "kuna mtu amemwaga utupa."

Sote tuliujua utupa, majani yale ya sumu yanayotwangwa na kutiwa majini. Lakini nilikataa. "Wa utupa hupinduka matumbo juu. Hawa wasimama."

"Wasimama wangoja nini?"

Tukatupa kanga mabegani, tukainama, tukaanza kuwaokota kwa mikono. Walitulia viganjani mwetu bila hata kupiga mkia, na mimi, niliyezoea samaki wa kunipiga kofi la uso, sikupenda.

Bi Shekha, mama mkwe wangu, alipenda. Alipoona kikapu kimejaa na mimi sijalowa zaidi ya mapaja, alinyanyua mikono kumshukuru Mola. "Riziki ikija kwa miguu yake, Mastura, usiiulize itokako," akaniambia. Aliwachagua walionona akawaweka kando kwa ajili ya mwanawe. Maana Msellem alikuwa hajiwezi tangu Ramadhani. Tumbo lilimsokota, usingizi ulimkimbia, ulimi wake ulikuwa umeingia ukali usio wake, na majina ya watu yalimpotea. Mama yake alimwandikisha kombe la aya kwa mwalimu, akalinywa, akafukizwa, na juu ya yote akanyweshwa supu ya mkizi iliyokamuliwa ndimu. "Kunywa, mwanangu, urudi mwilini." Simlaumu. Mama gani angekuwa na supu jikoni asimpe mwanawe mgonjwa?

Ndipo yakaja yale makofi ya barazani.

Kesho yake niliingia majini peke yangu, Kache hajafika. Mkizi mmoja, mkubwa wa kiganja na nusu, alikuwa mbele ya goti langu. Nikaupiga uso wa maji karibu naye kwa nguvu zangu zote. Maji yaliruka yakanilowesha buibui. Yeye aligeuka polepole, akanielekea, akabaki. Ndivyo Msellem alivyonigeukia jana yake, kikombe mkononi. Niliangalia juu, kwenye kijito, kwenye banda, kwenye moshi mwembamba uliokuwa umeanza kupanda. Niliogopa. Niliogopa kwa niaba yao wote, maana wao hawakuwa na hofu tena.

Nilimpeleka hospitali kwa kumlilia. Daktari alimwambia anyooshe mikono, na wa kulia ukaning'inia kifundoni, vidole vikitazama chini. Msellem aliutazama kama si wake. Daktari akauliza kazi yake ni nini, nikamjibu mimi. Akamwinua mdomo wa juu kwa kidole, akanionyesha mstari wa buluu uliochorwa kwenye ufizi.

"Ni risasi, mama. Anaivuta kwa moshi, anaila kwa mikono, imeshamwingia. Dawa nitampa, lakini ule moto wa karai usipozimwa, dawa yangu ni kazi bure." Nikamwuliza habari ya samaki. Akaniambia tusiwale.

Bi Shekha aliposikia, aliinua sufuria ya supu jikoni, akatoka nayo uani, akasimama nayo, hajui aimwage wapi. Sijamwona mtu mzima akilia vile.

Msellem hakulia. Asubuhi yake nilimkuta bandani akipuliza makaa, upawa katika mkono wa kushoto.

"Daktari amekwambia nini?" nikamwuliza.

"Daktari havui. Nyavu za watu zitazama kwa dua?"

"Msellem, samaki wa hapa kwako hawakimbii."

"Si vizuri? Mama asema ni baraka."

"Mama yako ameimwaga hiyo baraka." Nikakaa chini kwenye lile jiwe lake la vishimo, maana nilikuwa nimechoka, nimechoka kweli. "Juzi nilikupigia makofi nyuma yako."

"Lini?"

"Barazani, wanywa chai. Hukuruka."

Maisha yake yote watu walimcheka kwa kushtuka, na nilidhani atafurahi kuwa ameponywa kasoro ile. Lakini alinitazama kama mtu aliyepapasa mfukoni akakosa kitu.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mume wangu."

Akauweka upawa chini. Akachota mchanga kwa mkono wake mzima, akaumwaga juu ya makaa, akachota tena. Mimi nikamsaidia.

Tulihamia Matsangoni, kwa watu wangu. Wavuvi walinung'unika, kisha wakatafuta chubwi kwingine. Wenzangu niliwaambia waliache lile eneo la kijito. Kache aliacha. Wengine waliendelea kuokota, kwani tumbo halisikii waadhi, na samaki anayejileta ni mgumu kumkataa. Msellem alijifunza kushona makuti kwa mkono mmoja na nusu. Alikula, alisali, alijibu akiulizwa. Nikimwita alikuja. Lakini niliishi na mtu aliyekaa mbali ndani ya mwili wake, na kila nilipopita nyuma yake mikono yangu ilitaka kupiga makofi, nami nikaikataza, nisije nikapata jibu lile lile.

Masika yalipokwisha nilikwenda Kibarani kumzika jamaa, nikapitia horini. Banda lilikuwa limeanguka. Mahali pa karai ardhi ilikuwa ya kijivu na jani halikuota. Nikapandisha nguo, nikaingia, nikapiga maji. Mikizi walisimama. Moto ulizimwa siku nyingi, lakini tope lilikuwa bado limeihifadhi ile risasi, nao walikuwa wakila humo. Niliwaomba radhi kwa sauti, mtu mzima nikizungumza na samaki, kisha nikashika njia.

Nilifika nyumbani miguu imevimba. Msellem alikuwa barazani akishona makuti, kanipa mgongo, mkono wa kulia umelala pajani. Sikumsalimu hata. Niliingia jikoni kubandika wali, na kwa uchovu wangu kifuniko cha sufuria kikaniponyoka, kikapiga sakafu, kikazunguka kwa makelele yake yote.

Barazani makuti yalimwagika.

"Wallahi si mimi!"

Nilishika ukuta. Kisha nikainama, nikakiokota kile kifuniko, nikakiangusha tena.