Katikati Ni Malka

Katika watu wote waliozaliwa Idsowe, Jasper peke yake ndiye aliyewahi kuajiriwa kupiga manyoya kwa raketi. Watu wa kwao walijaribu kulielewa jambo hilo kwa miaka mitatu wakaliacha. Mama yake akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani Nairobi, alijibu, "Yuko klabu," na waulizaji wakashika tama, wakaahidi kumkumbuka kwenye maombi.

Februari ya 1999 alirudi akiwa na begi refu, raketi tatu, viatu vyeupe ambavyo vumbi la Garsen lilivikaribisha papo hapo, na tatizo moja. Klabu ilikuwa imempa hadi mwisho wa mwezi apate mwenzake wa kucheza naye. Asipompata, nafasi yake angepewa mwingine. Mchezo wake ulikuwa wa wawili wawili, na katika miaka mitatu wenzake wanne walikuwa wamemkimbia. Wa mwisho, Issack, aliondoka Desemba katikati ya mechi. Aliweka raketi kwenye benchi, akajifuta uso, akasema anaenda kunywa soda. Soda hiyo mpaka leo hajaimaliza.

"Jasper," kocha alimwambia, "wewe unacheza vizuri sana peke yako. Bahati mbaya nilikuajiri ucheze na mtu."

Ndipo Jasper akamkumbuka Halake.

Walianza pamoja shule ya upili, pale Garsen, wakati mwalimu mmoja wa jiografia kutoka bara alipokuja na wavu, raketi nne, vinyoya vya badminton na matumaini mengi. Shule nzima ilikimbilia mpira wa miguu. Walibaki wawili: Jasper, mtoto wa mkulima Mpokomo, na Halake, mtoto wa mfugaji Muorma. Mwalimu akawaunganisha kwa sababu hakuwa na mwingine wa kuunganisha.

Wiki ya kwanza hawakupigana na wapinzani, walipigana wao kwa wao. Kinyoya kikija katikati, wote wawili walikirukia. Raketi ziligongana kama pembe za madume, na siku ya tatu kucha ya kidole gumba cha Halake ikang'oka. Halake alikaa chini akiinyonya damu, akafikiri, kisha akasema, "Katikati ni malka."

Jasper alielewa bila kuelezwa zaidi. Malka ni ile njia inayoachwa kati ya shamba na shamba ili ng'ombe wafike mtoni kunywa. Mkulima huyu anapanda mpaka hapa, yule anapanda mpaka pale, na ile katikati haipandwi na mtu. Ni ya mwenye kiu. Kwa hiyo kinyoya cha katikati hakikuwa cha Jasper wala cha Halake. Kilikuwa cha yule anayekuja kwa kasi kutoka nyuma, na mwenzake kazi yake ni kusogea na kusema, "Pita."

Neno hilo moja liliwafikisha mashindano ya mkoa Mombasa mara nne, hata baada ya kumaliza shule, kila msimu wa ukame ng'ombe wakishuka deltani na Halake akishuka nao. Mwaka wa 1996 likawafikisha Nairobi, kwenye majaribio ya klabu.

Na Nairobi ndiko lilikowaangusha. Ilikuwa pointi ya mwisho. Kinyoya kilikuja katikati, kikiwa juu, polepole, kizuri kabisa. Jasper alimwona Halake akija na kiu, akasema, "Pita." Halake alimwona Jasper akija na kiu, akasema, "Pita." Kinyoya kikashuka kati yao kikalala sakafuni, kama mgeni aliyelala njaa kwa sababu kila nyumba ilidhani amekula kwa jirani. Ukumbi ukaangua kicheko.

Baadaye kocha alimwita Jasper ofisini. "Wewe una mkono," alisema, "lakini una adabu nyingi uwanjani. Nikikuchukua peke yako, katikati utaichukua?"

Jasper alisema ataichukua.

Halake alikuwa nje, ameshika mabegi yote mawili. "Wamechukua mmoja tu," Jasper alimwambia. Hakuwa amesema uongo. Swali aliloulizwa ndilo hakulitaja. Halake alimtazama kidogo, akatabasamu. "Basi chukua begi lako," akasema, akapanda basi la pwani.

Ahadi Jasper aliitimiza. Katikati aliichukua, na mbele, na nyuma, na pale mwenzake aliposimama. Vikombe vilikuja. Wenzake wakaondoka. Kila aliyeondoka, Jasper alisema hajiwezi.

Sasa alikuwa anatembea kuelekea Idsowe akiwa ametayarisha hotuba ya kumshawishi Halake. Garsen walimwambia Halake ameshuka na ng'ombe, yuko huko huko karibu na shamba la kina Jasper. Alimkuta ameketi chini, fimbo magotini. Nyuma yake ng'ombe walisimama wakitazama migomba, na nyuma ya migomba, hatua mia mbili hivi, mto Tana ulikuwa unapita zake.

"Halake, hujambo?"

Halake alimkagua kuanzia viatu kwenda juu. "Nairobi wamekusahaulisha hata kusalimu."

Jasper akakumbuka. "Habari za ng'ombe?"

"Wana kiu. Walikuwa sitini na wawili. El Nino ikaja, maji yakachukua wake, maradhi yakachukua wake. Hawa kumi na saba ndio wamebaki. Wengine ukitaka kuwasalimu, wako chini ya tope."

"Pole sana, ndugu yangu."

"Mimi nimepoa. Hawa ndio bado. Maji wanayaona hapo, lakini nawazungusha mpaka malka ya kule juu. Mwendo wa saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Ndama anafika akiwa amesahau alichofuata."

"Kwani hii ya kwetu ina nini?"

Halake alinyoosha fimbo. Jasper alitazama vizuri, na hotuba yake ikamtoka kichwani. Migomba haikuwa pembeni mwa malka. Ilikuwa ndani yake, safu mbili zilizonyooka, imenenepa kwa udongo wa mafuriko.

"Nani amepanda hapa?"

"Muulize aliyeandika barua," Halake alisema, akainuka, akawageuza ng'ombe wake.

Nyumbani, kaka yake Reuben hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Aliingia ndani akatoka na barua iliyokunjwa mara nne, akamsomea mwandishi wake kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. "Kaka Reuben. Nasikia mafuriko yamewaletea udongo mzuri. Usiache hata hatua moja bila kupanda. Mimi huku nimejifunza kwamba ukiacha nafasi, unanyang'anywa."

"Sikumaanisha malka."

"Uliandika hata hatua moja. Mimi nilisita. Wazee waliniuliza, nikawaonyesha barua. Nikasema, huyu amefika Nairobi, anajua mambo." Reuben aliikunja tena barua taratibu. "Wakanyamaza. Kwa heshima yako."

Jasper aliketi kwenye kigoda akaangalia mikono yake. Aliukumbuka usiku alioandika barua ile. Ilikuwa baada ya kushinda kombe, na mwenzake wa pili alikuwa amekataa kupiga picha naye. Sentensi ile ilikuwa imemfurahisha, aliona imekaa kama ya mtu mkubwa. Hakujua kama maneno yanaweza kusafiri kwa posta yakafika yakaota mizizi.

Asubuhi alichukua panga na jembe. Migomba ilikuwa kumi na minne, na mitano ilikuwa tayari ina mikungu. Reuben alikaa pembeni akiiomboleza mmoja mmoja. "Huo ungeiva mwezi ujao. Huo nilimwahidi mama. Huo, aa, huo uache hata uage." Mgomba wa nne ulipoanguka akasimama, akamnyang'anya panga.

"Unanisaidia?"

"Sikusaidii. Unakata kama mtu anayefukuza nyuki. Ukijikata mguu, nani atakuja kupiga manyoya?"

Walikata mpaka jua likawa la utosi, wakang'oa na mashina ili isichipue. Halake alitokea wakati wa mwisho wa mwisho, kama watu wote wenye akili. Alipiga mluzi mmoja, na ng'ombe kumi na saba wakaingia kwenye malka wakitafuna vigogo vya migomba njiani, wakashuka mpaka majini. Kwa muda hakukuwa na sauti ila ya kunywa.

"Kesho alasiri," Halake alisema, bila kugeuka, "walimu wawili wa shule hucheza pale uwanjani. Wanajidai sana. Njoo na hizo raketi zako."

Uwanja wa Garsen hauna paa, na upepo wa alasiri huko hauombi ruhusa. Jasper, aliyezoea ukumbi, alipiga vinyoya viwili vya kwanza vikaenda kutafuta makazi kwenye miiba. Walimu walicheka kwa adabu. Kinyoya cha tatu kilikuja katikati, na mwili wa Jasper haukumngoja. Uliruka. Raketi yake na ya Halake ziligongana, waya mmoja ukakatika.

Halake alikikagua kidole gumba chake. "Kucha hii niliilea miaka kumi."

"Samahani."

Mara ya pili akafanya vile vile, na mara ya tatu. Hakuwa anataka. Miguu ilikuwa inakwenda yenyewe, kama punda anayeijua njia ya dukani. Walimu wakafika kumi na moja kwa tatu. Jasper alisimama akihema, akatazama ile ardhi kati yake na Halake, hatua mbili za vumbi tupu. Alishangaa jinsi ilivyokuwa kazi ngumu kuiacha ilivyo.

Kinyoya kilipokuja tena, aliikaza miguu hadi ikauma. "Pi..." alisema, na neno likakwama kama mwiba wa samaki. Halake alikuwa amesimama, anamsubiri. Kinyoya kikaanguka.

"Sikukusikia," Halake alisema.

"Nilikuwa karibu kusema."

"Karibu haipitiki."

Kilichofuata alisema, akachelewa. Kile kingine alisema mapema, "Pita," na Halake akapita. Alitoka nyuma na kanzu yake imekunjwa kiunoni, akaupima upepo kwa shavu, akapiga. Mwalimu mmoja aligeuka kukitafuta kinyoya na mwingine akabaki anatazama raketi yake kana kwamba ina tundu. Wakaanza kupanda, pointi kwa pointi. Walishindwa kumi na tano kwa kumi na tatu, na Jasper hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alishindwa akiwa na furaha.

Waliketi kwenye kivuli cha darasa. Hotuba ilikuwa imesahaulika kabisa, ikabidi aseme ukweli.

"Siku ile Nairobi, kocha aliniuliza kama nitaichukua katikati. Nikasema ndiyo. Sikukwambia."

"Nilisikia. Dirisha lilikuwa wazi."

Jasper alimtazama. "Miaka mitatu, na hukusema?"

"Ningesemaje? Nilikuwa nimeshika mabegi."

Kisha Jasper akamwomba. Alimweleza habari ya mwisho wa mwezi, akasema nafasi ipo, akasema safari hii wangechukuliwa wote wawili. Halake alisikiliza mpaka mwisho, na hilo lilimtia Jasper matumaini.

"Sitakuja," Halake alisema. "Si kwa hasira. Ng'ombe wangekuwa sitini na wawili, ningempa ndugu yangu nikaja hata kesho. Kumi na saba hawaachwi. Nikitazama pembeni mara moja watakuwa kumi." Aliokota kinyoya, akakilainisha manyoya. "Halafu wewe hukuja kunitafuta mimi. Umetafuta mtu wa kupishana naye. Huko hakuna?"

"Alikuwepo. Issack."

"Anapigia mkono gani?"

"Wa kushoto."

Halake alikiweka kinyoya chini. "Mkono wa kushoto. Akisimama kulia kwako raketi yake iko katikati, ni yake kwa haki, na wewe umesimama hapo na jembe. Ulitaka apite wapi, chini ya wavu?"

Jasper alicheka, halafu kicheko kikaisha kabla hajakimaliza. Alikuwa anamwona Issack akijifuta uso, polepole, kabla ya kwenda kunywa soda. Haukuwa uso wa mtu asiyejiweza. Ulikuwa uso wa mtu aliyeona maji akazungushwa.

Jumatatu asubuhi alisimama kwenye kibanda cha simu nje ya posta ya Garsen, sarafu zimejaa kiganjani. Hakumpigia kocha. Simu ililia sana upande wa pili.

"Issack? Ni Jasper."

"Nimekatwa mguu," Issack alisema. "Sichezi tena."

"Mguu gani?"

"Wowote unaoutaka wewe."

"Issack, katikati ni yako. Nitasogea. Nitasema 'pita', wewe pita."

Simu ikameza sarafu moja, ikadai nyingine.

"Nani amekuambia hayo?"

"Mtu niliyecheza naye zamani. Na sikuhitaji kuambiwa, nilikuwa najua. Niliacha kusogea kwa makusudi."

"Na ukisahau?"

"Nitasahau. Mara tatu za kwanza nitasahau, miguu imeharibika. Wewe ukinigonga, nigonge."

"Hilo nitalifanya bure," Issack alisema. Akakohoa. "Jumatano saa kumi nitakuwa uwanjani. Sijasema nitacheza. Nitakuja kuangalia."

Sarafu ziliisha hapo. Jasper alibaki ameshika mkono wa simu uliokufa, akaurudisha mahali pake, akatoka. Halake alikuwa nje kwenye jua, ameliweka lile begi refu begani, fimbo yake mkono wa pili.

"Amesema nini?"

"Atakuja kuangalia."

Halake alifikiri. Pale ng'ambo, dereva wa basi la Nairobi alikuwa ameanza kupiga honi.

"Basi chukua begi lako," akasema.