Maji ya Kumi na Nne

Boti ya Taib ilijengwa Kabiria, Nairobi, katika uwanja wa Mbuthia, fundi wa faiba ambaye kazi yake ya kila siku ni matangi ya maji na vibanda vya mabawabu. Ilikuwa boti nzuri: injini mbili, kitanda cha watu wawili chini ya sitaha, na jina MWANASHA ubavuni kwa rangi ya dhahabu. Mbuthia hakuwahi kuiona bahari, na jambo hilo halikuiharibu kazi yake. Aliyeiharibu ni mwenye boti.

Sasa ilikuwa imerudi Nairobi juu ya trela, imeegeshwa nyuma ya nyumba ya Taib huko Karen, chini ya mijakaranda. Mbuthia alikuwa ameuziba ufa wa tumboni na kuupiga msasa. Jumapili hiyo Taib aliwaalika watu waje kuiona. Yeye huuza pampu na mabomba River Road. Indravadan, wa mlango wa pili, huuza beringi. Indravadan alikuja na mkewe Indu na mwanawe Krish, ambaye angeoa mwezi wa Novemba.

Mwanasha, mke wa Taib, alikuwa amepika mbaazi za nazi, viazi na mahamri katika sufuria mpya ambazo hazijaguswa na nyama, kwa kuwa wageni hawali nyama na yeye hupenda jambo lifanywe sawasawa. Alikaa mkono wa kulia wa mumewe. Mama yake Mwanasha alikuwa amezikwa Aprili.

"Haya, Mama Afnan," Taib alimwambia mkewe, "utawahadithia wewe au niwahadithie mimi ile safari yetu?"

"Wahadithie wewe. Nahodha ni wewe."

Akahadithia. Waliishusha boti majini Mtwapa, wawili peke yao, wakalala Kilifi, wakalala Watamu, wakalala Malindi. Pomboo waliwasindikiza. "Sisi bahari iko damuni, bwana Indravadan. Babu yangu alikuwa nahodha." Hilo lilikuwa kweli. Taib mwenyewe alizaliwa Ngara na alijifunza kuogelea katika bwawa la hoteli.

"Sasa tumetoka Lamu asubuhi, twende Siyu kwa mama yake. Njia inapita mfereji mwembamba katikati ya mikoko. Mara, khaa! Tumekaa chini. Mchanga umehama! Mchanga wa kule hautulii, kama wachuuzi wa River Road wakiona askari wa kaunti. Boti imelala ubavu. Na huyu bibi kajishukia zake, kakaa kwenye matope na buibui lake, mkoba mapajani, kama anangoja kuitwa benki!"

Wageni walicheka. Krish akasema, "Uncle, hiyo ni noma! Kuna picha?"

Picha ilikuwepo. Taib alimpa simu. Indravadan aliinyakua, akaikuza kwa vidole viwili, akacheka upya, akampa mkewe. Katika picha Mwanasha alikuwa ameweka simu sikioni.

"Na hapa alikuwa anampigia nani?" Indu aliuliza.

"Alikuwa anapigiwa," Taib alisema. "Hadithi ndefu. Ongezeni mbaazi."

Aliyepiga alikuwa dada wa Mwanasha, na alikuwa akimwambia kwamba mama yao amekufa. Taib hakulijua hilo alipokuwa akipiga picha. Alilijua dakika chache baadaye, na hakuifuta.

Mambo yalikuwa hivi. Mama alipozidiwa, Mwanasha aliomba kwenda kwa ndege. Kutoka uwanja wa Wilson hadi Lamu ni mwendo wa chini ya saa mbili. Taib alisema boti iko tayari, kwa nini waende kama abiria? "Nitakupeleka kwa chombo chenye jina lako. Mamako akione." Wakaenda kwa boti, na kila walipotia nanga Taib alitaka kupumzika na kupiga picha.

Walifika Lamu usiku wa mwezi mpevu. Mwanasha hufunga siku tatu za katikati ya kila mwezi wa Kiislamu, kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano, kama alivyofunga mama yake. Kwa hiyo hana haja ya kutazama juu ili ajue mwezi ulipo. Na mtu aliyelelewa Siyu, akijua mwezi, amejua maji. Siku hizo ni bamvua: maji hujaa sana alfajiri, kisha hupwa kupita kiasi, na ikifika saa nne asubuhi mahali palipoelea boti huwa ni matope matupu.

Baada ya sala ya alfajiri alimwamsha mumewe. "Leo kumi na nne. Ni bamvua. Tuondoke sasa hivi, ama sivyo mfereji utatukaukia."

Taib aliamka jua likiwa juu. Alipomaliza kunywa chai ilikuwa saa moja na nusu. Mwanasha alimwambia mara ya pili, gatini, mbele ya wapagazi, kwamba kama hawezi kumwahi mama kwa boti hiyo basi amwache apande ya watu wanaoijua njia. Wapagazi waligeuka kutazama. Taib alitabasamu.

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama," alimwambia. "Humu nahodha ni mmoja. Mpaka tufike, sitaki kukusikia."

Hakumsikia. Saa mbili walikwama. Boti ililala juu ya kisiki cha mkoko na tumbo likapasuka, na maji yaliporudi adhuhuri yaliingia ndani kwanza kabla ya kuiinua. Jahazi la mizigo liliwachukua alasiri. Huko Siyu wanawake walimngoja Mwanasha kadiri walivyoweza, kwa kuwa binti ndiye anayemwosha mama yake na walijua angetaka. Kisha wakamwosha wao. Mwanasha alifika baada ya magharibi, akakuta kitanda cha kuoshea kimeegemezwa ukutani kikauke.

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja kwa mumewe. Hakutaka pole, wala zawadi aliyoletewa. Alitaka Taib aseme mbele ya watu, mara moja tu: aliniambia. Taib badala yake alisema mchanga ulihama. Alisema hivyo Siyu matangani, akasema River Road, akasema kwa Mbuthia. Alilisema mara nyingi hata akaliamini, na hilo ndilo lililomponza.

"Sasa sikieni sababu ya kuwaita," Taib alisema, akifuta mikono. "Krish haendi kuoa juu ya farasi kama vijana wengine wa Kihindu. Anakwenda kwa boti hii!"

Harusi ingefanyika katika hoteli ya kisiwani, jirani na Lamu. Anjali, bi harusi, na watu wake wangesimama ufukweni. Bwana harusi angetokea majini na kilemba chake, ngoma zikilia, nahodha Taib akishika usukani.

"Hoteli iko upande gani?" Mwanasha aliuliza.

"Ndani kabisa ya hori, kule bahari inapoingia kisiwani," Krish alisema. "Nje kuna mawimbi, auntie, huko ndani maji yametulia tu. Tumeiona kwa simu, iko fiti."

"Na saa ya kufika?"

"Saa nne asubuhi, tarehe ishirini na nne," Indravadan alisema. "Pandit wetu wa hekaluni amepiga hesabu ya nyota. Saa hiyo ikipita, imepita. Babake Anjali ni mtu wa dini kabisa, hawezi kukubali nyingine."

"Na ni siku ya mwezi mpevu," Indu aliongeza kwa furaha. "Njema sana. Picha za usiku zitapendeza."

Mwanasha aliweka kijiko chini. Hakuhitaji kuhesabu sana: ingekuwa kumi na nne ya mwezi wa mfungo tisa. Alimtazama mumewe. Taib alikuwa akipaka asali kwenye hamri.

Indu alimshika mkono. "Dada, sema ukweli. Wewe ni mtu wa huko. Nimesikia hii habari ya kukwama, na mimi niko na huyu mtoto mmoja tu. Ni sawa?"

"Mume wangu," Mwanasha alisema, "asubuhi ile Lamu, nilikwambia nini?"

Taib aliinua macho. Aliijua sentensi iliyotakiwa. Alikuwa ameombwa kitandani, garini, na mara moja kwa machozi. Aliwatazama wageni mmoja mmoja, akatabasamu kama alivyotabasamu gatini.

"Uliniambia mahamri ya Lamu hayaifikii mikono yako."

Wakacheka wote. Krish alipiga meza.

"Na maji?" Mwanasha aliuliza. "Habari ya maji sikukwambia kitu?"

"Kitu gani, bibi? Ungesema ningesikia. Mchanga ulihama, basi."

"Sikusema kitu."

"Hukusema."

"Vyema," Mwanasha alisema. Alimgeukia Indu, na sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa. "Umesikia, dada. Mambo ya maji mwulize nahodha."

"Siku hiyo bahari itakuwa kama sahani," Taib alisema.

"Auntie, si utakuwa ndani ya boti na sisi?" Krish aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Siku hiyo nitakuwa nimefunga."

"Huyu na saumu zake!" Taib alisema, akamkonyeza Indravadan.

Baada ya chai walitoka kwenda kuitazama boti. Krish alipanda kwa ngazi, akajifunga kitambaa cha meza kichwani, akasimama mbele kabisa, kifua nje, akiipungia mkono mijakaranda. Taib alishika usukani. Indravadan na Indu walipiga makofi nyasini.

"Mama Afnan!" Taib aliita kutoka juu. "Tupige picha!"

Mwanasha aliichukua simu. Alirudi nyuma mpaka boti nzima ikaenea, na jina lake, na magurudumu ya trela juu ya nchi kavu. Alipiga tatu. Kisha akaingia ndani kuosha zile sufuria mpya.